Vigelegele Vilivyotangulia Ndoa

Sifa njema ni zake Mola, Msikivu asiyehitaji mnara, ambaye dua ya mja humfikia ikiwa bado imo kifuani, bila bando na bila kukatika. Namshukuru kwa uzima, kwa macho ambayo bado yanasoma msahafu kwa msaada wa miwani, na kwa umri alionipa hata nikaziona zama hizi, ambapo mtu wa Barani, mtaa wetu wa Malindi, hujua mvua iliyonyesha ng'ambo kabla hajajua kama mkewe amekwisha kuteleka wali. Na rehema na amani zimfikie Mtume wake, aliyetufunza kwamba ulimi una hesabu yake.

Baada ya hayo, nina kisa cha kusimulia, lakini kwanza niseme kidogo juu ya kibaraza chetu.

Sisi wazee wachache wa Barani hukaa kwenye kibaraza cha saruji ukutani mwa nyumba ya mwenzangu mmoja, ambaye alikuwa fundi cherehani mpaka macho yalipomwambia basi. Hukaa baada ya sala ya Alasiri hadi Magharibi inapokaribia. Kuna kahawa chungu, kuna kashata, na kuna habari za dunia. Zamani mwenye redio ndiye aliyekuwa na neno la mwisho. Siku hizi kila mmoja ana redio yake mfukoni, na kila redio ina lake.

Huyu mwenzangu fundi ndiye mwenye simu kubwa kuliko zetu sote. Huishika kwa mbali, kichwa nyuma, kama anapima kitambaa cha suruali. Na ana tabia moja ambayo nimeshindwa kuitibu: habari ikimfikia, huituma kwa watu kwanza, ndipo aisome.

"Sukari imeshuka bei," alitwambia siku moja.

"Imeshuka wapi?" nikamuuliza. "Mimi nimetoka dukani sasa hivi."

"Imeandikwa hapa."

"Imeandikwa na nani?"

"Na aliyeiandika! Wewe kila kitu wataka isnadi?"

Ndiyo, nataka isnadi. Sisi tuliosoma chuoni kwa mbao na wino tulifunzwa kwamba habari ikikujia, uichunguze kwanza imetoka kwa nani, na huyo naye ameitoa kwa nani. Lakini nakiri kwamba hawakutufunza kila kitu. Majuzi huyu huyu fundi alituletea sauti ya sheikh mmoja tunayemjua, akisema jambo la ajabu. Sauti ni yake, na hata kile kikohozi chake cha katikati ya maneno kilikuwamo. Baadaye tukaambiwa sheikh hakusema lolote, ni mashine imemwiga. Kughushi maneno tulikujua. Kughushi kikohozi ni elimu mpya.

Sipingi kila kipya, Mungu aniepushe na ukaidi. Mke wangu hutazama tamthilia za ng'ambo zilizotiwa Kiswahili, zile ambazo midomo inasema lugha moja na sauti inatoka kwa nyingine. Zamani ilikuwa lazima azingojee saa yake, na saa yake ilipenda sana kugongana na Isha. Sasa anazipata kwa mtandao. Akisikia adhana huzisimamisha, husali, huleta uradi wake wote bila haraka, kisha hurudi na kumkuta yule bwana amesimama mlangoni vile vile, mdomo wazi. Hilo nalisifu. Televisheni inayomngoja mtu asali ina adabu kuliko wanadamu wengi.

Ama siasa, mimi hushika la kati: humwombea dua kila kiongozi, wala sikai karibu na spika yake. Kura zikinukia, waheshimiwa na wanaotaka kuitwa waheshimiwa huja misikitini, matangani na harusini hata bila kualikwa, nasi watu wa Pwani hatujui kumfukuza mgeni. Tunamsogezea mkeka, tunampa kahawa, anatuahidi barabara. Kahawa yetu, alhamdulillahi, haijawahi kuchelewa.

Sasa nije kwenye harusi.

Dada yangu, mkubwa wangu kwa tumbo moja, anakaa Kilifi mjini. Mwaka huo alianguka uani kwake akavunjika nyonga. Hospitali walimshughulikia vizuri, Mungu awalipe, lakini daktari alimwambia asipande gari mpaka mfupa ushike. Na harusi ya mjukuu wake ilikuwa imeshapangwa, tena si kwake, bali huku Barani, nyumbani kwa baba wa binti, ambaye ni mtoto wa dada huyo, mpwa wangu.

Ili ujue uzito wa jambo lenyewe, jua kwamba binti huyu alifiwa na mamake kabla hajaota meno, na aliyemlea ni dada yangu. Alimlea kwa maziwa ya mbuzi na kwa dua. Alimpeleka chuoni na shuleni, akamkalia macho katika kila surua na kila homa. Sasa anaolewa na kijana wa Magarini, muuza mbegu na dawa za mimea, na yeye aliyemlea amelala chali Kilifi akitazama dari.

Mpwa wangu alitaka kuahirisha. Dada akakataa. "Harusi haingoji mfupa wa kizee," alisema. "Nanyi mwajua mfupa wangu utashika lini?" Lakini akanipigia mimi simu, akatoa sharti lake.

"Mdogo wangu, picha sitaki. Picha nitaletewa, nitazitazama mpaka nizichoke. Mimi nataka kumsikia kijana akisema nimekubali. Saa ile ile anayosema, kwa masikio yangu. Si ya kurekodiwa."

"Dada, kwani wanawake husikia ndoa? Si huwa wanangoja nyumbani, wakaletewa habari? Hata mama yetu hakuisikia yako."

"Aliisikia. Nyumba yetu na msikiti zilitazamana madirisha, umesahau? Aliweka sikio kwenye nondo. Usinifunze mambo niliyokutangulia."

"Haya, dada."

"Nimemlea yule mtoto. Nikimsikia huyo kijana wakati anapompokea, nitajua nimemkabidhi nani. Utaniwekea hilo?"

"Inshallah."

"Inshallah ya kweli au ile ya kukimbilia?"

"Ya kweli, dada," nikasema. Na neno la namna hiyo likishatoka, ni deni mbele ya Mungu.

Nikaenda kibarazani na mzigo wangu. Fundi akafurahi kama mtu aliyepewa suti ya waziri kuishona.

"Hilo tu? Ni jepesi! Tunaunganisha pande tatu. Msikiti, nyumba ya harusi, na Kilifi. Wote wanaona, wote wanasikia, mubashara."

"Na wewe ushawahi kufanya?"

"Sijawahi. Lakini nimeona ikifanywa."

Imamu wetu, ambaye ni mtu mpole na msomi, hakukataa. Alisema tu simu isiwe kubwa kuliko ndoa. Mengine akamwachia Mungu.

Siku ikafika, tukasali Alasiri, msikiti ukajaa mpaka kwenye vibaraza vya nje. Fundi aliitoa simu yake akaisimamisha juu ya marufaa, kile kibao cha kuwekea msahafu, karibu na goti la imamu. Kwenye kioo nikaona visanduku viwili. Kimoja kilikuwa nyumba ya harusi: wanawake wamejaa ukumbini, bibi harusi katikati amefunikwa, mke wangu amesimama kama mkuu wa bandari, na simu yao wameiunganisha na spika ya chuo ili kila mtu asikie. Cha pili kilikuwa Kilifi: uso wa dada yangu, nusu tu, kwa sababu jirani aliyemshikia simu alikuwa anataka naye kuona.

"Wanisikia, dada?"

"Nakusikia. Ondoa kidole chako, naona kucha tu."

Nikaondoa kidole. Moyo wangu ukatulia. Nikasema, alhamdulillahi, simu nayo ni katika neema.

Hapo sasa lazima nieleze desturi yetu, maana ndiyo iliyotuponza. Imamu hampeleki bwana harusi mbio kwenye jambo zito kama lile. Kwanza humpitisha. Humwambia, mwanangu, nitasema hivi, nawe utajibu hivi, hebu tusikie. Bwana harusi hujaribu, akikosea hurekebishwa, watu hutabasamu, baridi humtoka. Hiyo si ndoa. Ni mafunzo tu. Baada ya hapo ndipo husomwa hotuba, walii humshika mkono, na ndoa hufungwa kwelikweli. Sisi wanaume tunalijua hilo tangu tukiwa watoto wa kugombania halua ya harusi. Lakini wanawake wa mji wetu, tangu mji umekuwa mji, huletewa mwisho wa habari peke yake. Mtu hutoka msikitini mbio, husema "tayari," nao wakapiga vigelegele. Hakuna mwanamume hata mmoja aliyewahi kuona haja ya kuwaambia kwamba kabla ya tayari kuna majaribio. Na mimi, mwenye kutaka isnadi ya bei ya sukari, sikuwaambia.

Imamu akampitisha kijana. Na kijana, kwa kuwa alijua haya ni mafunzo, alisema kwa sauti nzuri, iliyonyooka, kama muadhini: "Nimekubali kumuoa kwa mahari tuliyokubaliana."

"Mashaallah," wakasema watu. "Huyu amesomea."

Basi vikalipuka. Vigelegele! Ndani ya msikiti, kutoka juu ya marufaa! Kwa sababu fundi, katika kuunganisha pande zote tatu, hakukumbuka kuipunguza sauti ya simu. Msikiti mzima ukageuka.

"Ni nini hicho?" akauliza imamu.

"Ni wanawake, maalim," nikasema. "Wanashangilia."

"Wanashangilia nini?"

"Ndoa."

"Ndoa gani?"

Bwana harusi akaniinamia, jasho limeanza kumtoka upya. "Babu, kwani nimeshaoa?"

"Bado, mwanangu. Kaa vivyo hivyo."

Nikaichukua simu nikaita, "Bado! Bado jamani! Hayo ni mafunzo!" Nani atakusikia? Kioo kilionyesha marashi yanamwagwa, mke wangu anapita na sinia la halua, bibi harusi analia amekumbatiwa na wasiopungua watu wazima watano. Na kwenye kile kisanduku cha Kilifi, dada yangu ameinua mikono, midomo inamcheza, machozi yanamtelemka hadi masikioni kwa vile amelala chali. Kisha kisanduku kikawa cheusi.

"Amezima," akasema fundi. "Anahifadhi bando."

Nikampigia. Hapatikani. Nikapiga tena. Hapatikani.

Balaa likija huja na mkia. Safu ya mbele alikuwa ameketi mtaka-uheshimiwa mmoja, ambaye hakuna aliyekuwa na hakika ni mgeni wa upande gani. Kijana wake alikuwa amenyanyua simu kwenye kijiti, anawarushia wafuasi wao kila kitu mubashara. Mtu yule alisikia vigelegele, na mwanasiasa akisikia shangwe hangoji kuuliza ni ya nini. Akaielekea simu yake, akaweka mkono kifuani.

"Ndugu zangu wapendwa, ninavyozungumza nanyi, vijana wetu wameshafunga ndoa, nami nimeshuhudia kwa macho yangu hapa hapa…"

Haikupita muda, mpwa wangu, baba wa binti, walii mwenyewe ambaye hajafungua mdomo, mfuko wa kanzu yake ukaanza kutetema. Akachungulia. Pongezi kutoka Mombasa. Pongezi kutoka Lamu. Pongezi kutoka Maskati, pamoja na maua yanayomeremeta.

"Mjomba," akaninong'oneza, "watu wananipongeza. Niwajibu nini?"

"Usijibu. Bado wewe una binti."

Fundi akanivuta kanzu kando ya nguzo. Na hapa, msomaji wangu, ndipo palipokuwa na mtihani wangu.

"Mwache dada yako," alisema. "Ameshafurahi. Maneno ni yale yale, mdomo ni ule ule. Tukimfungulia habari hii tutamvunja moyo, na nyonga ameshavunjika. Hebu tufunge ndoa, watu wapate kula."

Alikuwa na hoja, sitamdhulumu. Lakini nikafikiri: dada hakuomba maneno, aliomba saa ile ile. Kila atakaponiambia nilimsikia, itanibidi niitikie kwa kichwa, mwaka huu na mwaka ujao, na kunyamaza nako kuna mahali kunakuwa uongo. Nikarudi kwa imamu nikamwomba angoje kidogo.

"Katika nguzo za ndoa," akasema kwa upole, "kuna walii, kuna mashahidi, kuna ijabu na kabuli, kuoza na kukubali. Hakuna bibi wa Kilifi."

"Najua, maalim. Si sharti la ndoa. Ni ahadi yangu."

Akanitazama. Akaitazama saa ya ukutani. "Basi nitasoma hotuba, na leo nitaiongeza mawaidha," akasema. "Wewe shughulika."

Akaanza. Akachagua maudhui ya kuihakikisha habari kabla ya kuieneza, na sijui ni kwa nini macho yake yalituama safu ya mbele. Kijiti cha simu kikateremka taratibu.

Mimi nikatoka hadi kibaraza cha msikiti nikampigia muadhini wa msikiti ulio karibu na kwa dada, mtu niliyesoma naye chuo kimoja. Huyu simu yake ni ile ndogo ya vibonyezo yenye tochi, isiyojua picha wala mubashara.

"Uko wapi?" nikamuuliza.

"Kwa kinyozi. Ananinyoa."

"Nyanyuka uende kwa dada yangu sasa hivi."

"Nimenyolewa upande mmoja!"

"Nenda na huo huo. Ndoa imesimama inakungoja wewe."

Akaondoka, Mungu amjaalie pepo. Nikamwambia asiikate simu, na hivyo nikaisikia safari yake yote. Mbio hazikuwamo. "Assalaam alaykum. Waalaykum salaam, habari za kwako? Mgonjwa aendeleaje? Alhamdulillahi. Na mtoto? Ndiyo, nimenyolewa, bado naendelea kunyolewa. Assalaam alaykum…"

"Bwana we! Watu wamekaa msikitini!"

"Sasa nipite mbele za watu bila kuwasalimu kwa sababu ya harusi yako ya Malindi? Tulisoma hivyo?"

Hatukusoma hivyo. Nikavuta subira. Ndani, imamu alikuwa amefika kwenye madhara ya umbea.

Hatimaye nikasikia hodi, na kelele ya kikaango. Kisha yule rafiki yangu, ambaye miaka mingi ya kuadhini imemwondolea uwezo wa kusema polepole, akaita: "Bibi! Mjukuu wako hajaolewa!"

Jirani akapiga ukemi. "Ameachwa?"

"Hajaachwa! Hajaolewa!"

"Nimemsikia kwa masikio yangu!" Hiyo ilikuwa sauti ya dada, kutoka chumbani. "Wewe nani wa kunikanusha? Na hicho kichwa kina nini?"

"Yale yalikuwa mafunzo, bibi. Imamu alikuwa akimpitisha."

"Mafunzo? Nimeshasali rakaa mbili za shukrani hapa kitandani!"

"Hazipotei, bibi. Shika simu."

Akaishika. Nikasikia pumzi zake kwanza, ndipo maneno. "Mdogo wangu, leo umemwoza mjukuu wangu mara ngapi?"

"Bado hata moja, dada. Ndiyo maana nimekutafuta. Usiikate."

"Siikati. Lakini kama ni mafunzo tena, niambie kabisa nisije nikalia bure."

Nikaingia ndani nimeishika simu yangu kwa mikono miwili kama kikombe kilichojaa. Wakati huo nyumba ya harusi nayo ilikuwa imeshapata habari. Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni mwa ukumbi akatoa amri ambayo wanawake wananisimulia hadi leo: yeyote atakayepiga kigelegele kabla yake yeye, asahau biriani. Na halua iliyokwisha kuliwa, akasema, ihesabiwe ni ya majaribio. Fundi, kwa kuwa hakujua pa kuibonyeza simu yake inyamaze, aliivua kofia akaifunika nayo, akaikalia kwa upande.

Imamu akafunga mawaidha. Mpwa wangu akamshika kijana mkono. Alimtaja binti yake kwa jina, akasema, "Nimekuoza," na sauti yake ikakatika kidogo hapo, maana hata baba aliyejiandaa hulikuta lile neno ni zito kuliko alivyolipima.

Ikawa zamu ya kijana. Mimi nilikuwa nimeinama, simu iko karibu na kidevu chake. Akasema, "Nime…" akakwama. Yule aliyesema kama muadhini hakuwapo tena. Watu wakaacha hata kukohoa.

"Taratibu, mwanangu," imamu akasema.

Akameza mate. "Nimekubali," akasema, chini chini, "kumuoa… kwa mahari tuliyokubaliana." Kila neno peke yake, kama mtu anayevuka maji asiyojua kina chake.

Mashahidi wakaitikia. Imamu akaitikia. Ndoa imefungwa. Lakini hakuna aliyesema alhamdulillahi kwa sauti. Wote walikuwa wakiitazama simu mkononi mwangu, hata yule wa safu ya mbele. Kilifi palikuwa kimya.

"Dada?" nikaita.

Nikaisogeza simu karibu na mdomo.

"Dada, umesikia?"

Nikadhani imekatika. Nikaanza kutafuta maneno ya kumwambia. Ndipo sauti yake ikatoka, nyembamba, kwenye ile spika ndogo.

"Huyu si yule wa kwanza."

Imamu akashtuka, akaona ndoa yake inapingwa. "Ni yeye yule, bibi! Wallahi ni yeye yule!"

"Siye, maalim. Yule wa kwanza alikuwa anasoma somo. Huyu anaogopa. Yule sikumjua ni nani, nilimlilia tu kwa furaha. Huyu nimemjua." Akapumua. "Mwanangu wa Magarini, wanisikia?"

"Nakusikia, bibi. Shikamoo."

"Marahaba. Amana mtu akiiogopa ndipo huiangalia. Nimekukabidhi. Ukimwudhi, mfupa wangu utapona siku hiyo hiyo, nitakuja."

Msikiti ukacheka, na kijana akacheka huku akijifuta macho kwa mkono wa joho. Kisha kule Kilifi akapiga kigelegele. Kilikuwa kifupi na chembamba, kigelegele cha mtu aliyelala chali, lakini nimehudhuria harusi nyingi katika umri wangu, na sijasikia kilichofika mbali namna ile. Chini ya kofia ya fundi, kwa ruhusa ya mke wangu, ukumbi mzima wa Barani ukamwitikia.

Yule mtaka-uheshimiwa ilimbidi awatangazie wafuasi wake ndoa kwa mara ya pili, na nasikia wengi walimuuliza kama kijana ameongeza mke siku hiyo hiyo. Hilo ni lake yeye na kura zake. Muadhini alirudi kwa kinyozi akamkuta amefunga, akaadhini Magharibi na kichwa chake cha pande mbili. Fundi kofia yake ilipata joto la simu ikaacha alama, naye huionyesha kibarazani kama nishani.

Mimi nilibaki nimekaa msikitini baada ya watu kutoka, simu bado iko sikioni, kwa sababu dada hakutaka kuikata. Alikuwa akisikiliza tu: watu wakitafuta viatu vyao, vikombe vya kahawa vikigongana, vijana wakimwimbia bwana harusi wakimpeleka kwa mkewe, na sauti zile zikipungua kadiri walivyoendelea na njia. Zilipokwisha kabisa, akasema, "Wameshafika?" Nikamwambia wameshafika. "Basi kata, mdogo wangu," akasema. "Nimeona yote."

Nawe uliyesoma hadi hapa, Mola akufikishie habari njema zilizo za kweli, na akupe moyo wa kuzingojea kwa wakati wake. Uliowalea awape mikono inayoiogopa amana. Na siku utakayotaka kusikia neno moja tu kutoka mbali, akujaalie mtu wa kunyanyuka kwa ajili yako, hata akiwa amenyolewa upande mmoja. Amin.